Uso wa Balozi, Mwili wa Mbao

Middelburg, 1663

Septemba 4
Fundi Levinus amerudi kutoka Kampuni ya Pilipili akiwa amevaa kofia yake ya kanisani, nikajua tumepata kazi kubwa na kwamba nitaifanya mimi. Wakurugenzi wanataka picha ya kutundika ukumbini, futi tisa kwa saba: Balozi wa Sultani wa Jambi akipokewa na Mkurugenzi Hoogerzeyl. Fundi atachora nyuso na mikono. Mimi nitachora yaliyobaki, yaani nguo, mapazia, zulia, mbwa, na chochote atakachokisahau. Miaka kumi na miwili imekuwa hivyo. Watu wa mji huu husimama mbele ya picha zake wakasifu hariri, naye huinamisha kichwa kwa unyenyekevu, mtu ambaye hajui hariri inakunjwaje.

Nilimkumbusha jambo langu. Chama cha wachoraji kinakaa Novemba 17, na mjane wa baharia kama mimi haingii chamani mpaka fundi aliyemtumikia asimame amshuhudie. Nje ya chama siwezi kufungua karakana, wala kutia jina langu hata kwenye picha ya bata. Mwaka juzi Fundi alisahau. Mwaka jana jino lilimuuma.

"Nimalizie hii ya Balozi vizuri, Machteld," akasema, "nami nitasimama."

Nimeyaandika hapa maneno yake, maana yeye hayaweki popote.

Septemba 5
Mvua.

Septemba 6
Mvua. Turubai halikauki. Fundi amelilaumu turubai, kisha mimi.

Septemba 9
Balozi amekuja kukaa kwa mara ya kwanza. Ni mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, ana mafua, amejifunika koti zito la manyoya aliloazimwa na Kampuni juu ya nguo zake nzuri. Anaitwa Indra Laksana, na mbele ya jina wanaweka Orang Kaya, ambacho ni cheo kwao. Fundi alijaribu kulitamka mara moja, akaona ni kazi, tangu hapo anamwita Bwana Jambi.

Huyu mtu amepatana bei ya pilipili manga na watu wetu bandarini kwake kwa miaka ishirini, na Kiholanzi anakijua kuliko makarani wengi wa hapa. Haikusaidia. Fundi alimsogelea usoni akapaza sauti, neno moja moja, kama anayemwita ng'ombe mtoni: "WEWE. KAA. HAPA."

"Nashukuru, Fundi," akajibu Balozi. "Ila ningeomba kiti kitoke dirishani kidogo, upepo unaniumiza."

Fundi akanigeukia. "Amesema nini?"

"Anaomba kiti kisogezwe."

"KWENU MNAVYO VITI?" Fundi akamuuliza.

Kisha likaja sanduku la mavazi. Katika sanduku hilo kuna kilemba kimoja ambacho kimevaliwa na Herode, Pilato, Waturuki watatu, na mmoja wa mamajusi. Majira ya baridi yaliyopita paka alizalia humo. Fundi akakitoa kwa heshima zote akamkabidhi Balozi. Balozi alikishika kwa vidole viwili, akakinusa, akauliza kama aliyekivaa mwisho alipona. Nilicheka kwa sauti, kisha nikakumbuka nani atakayesimama kwa ajili yangu Novemba, nikakohoa.

Hata hivyo sikumpenda. Anakaa kwa kiburi, anataka kila kitu kiwe anavyotaka. Nimechora nguo za wakubwa wengi na wote ni walewale, ila huyu ana mafua.

Septemba 14
Balozi amekaa saa mbili. Fundi amemaliza pua.

Septemba 16
Wifi yangu Tanneke, ninayekaa naye, ananiuliza kila jioni kama Balozi anakula watu. Nimemwambia anakula supu ya njegere na hajaipenda. Tanneke anauza samaki wa chumvi pale gatini na ameona watu wa kila bahari, lakini hilo halijamwongezea kitu kichwani.

Septemba 21
Leo Fundi aliitwa nje, nikabaki na Balozi. Mimi nilikuwa namvika Bwana Mbao. Huyo ni sanamu la msonobari lenye viungo vinavyokunjika, kimo cha mtu mzima, halina uso. Wateja wetu hukaa kwa ajili ya uso tu. Wakishaondoka, mwili wao huwa Bwana Mbao: tunamvika nguo zao, tunamkunja tunavyotaka, nami ninachora. Meya, mchungaji, mke wa meya, wote chini ya shingo ni yeye, na amewavumilia kuliko mimi.

Balozi alimtazama kwa muda mrefu akaniuliza ndiye nani. Nikamwambia, "Ndiye wewe, Mheshimiwa." Hakucheka.

Akanieleza kuhusu barua. Alipotoka melini aliibeba barua ya Sultani wake juu ya sinia, imefunikwa kitambaa cha njano, mikono juu ya kichwa, tangu gatini mpaka mlango wa Kampuni, na wapagazi wakamcheka njia nzima. Mimi pia nilikuwepo nikacheka. Kumbe kwao barua ya Sultani ni Sultani mwenyewe.

"Mimi, Bibi Machteld, mnaweza kunichora hata na mkia mkitaka," akasema. "Lakini barua isishuke chini ya kichwa changu. Barua unaichora wewe?"

Nikasema ndiyo, karatasi na nguo ni kazi yangu.

"Basi nakuomba wewe."

Nikamwahidi. Ahadi rahisi kabisa. Nani atakayehangaika kuishusha karatasi? Jioni nikamsimulia Tanneke, tukacheka mpaka akajifuta machozi. Alisema barua za wakubwa wa hapa hufungiwa samaki, na hata samaki hulalamika.

Septemba 22
Mvua na upepo. Nimechora zulia.

Oktoba 2
Hoogerzeyl amekuja kuona rasimu. Aliingia na matope yake hadi katikati ya karakana akajitafuta kwenye turubai, akajiona, akaridhika. Kisha akamwona Balozi amesimama, kimo sawa na chake, sinia juu ya kichwa, uso wake ukabadilika.

Anataka Balozi apige magoti. Anataka barua iwe chini, kwenye zulia, karibu na kiatu chake. Anataka na kasuku. Hakuna kasuku aliyekuja na Balozi, lakini Mkurugenzi anaona watu wa huko huenda na kasuku.

Mimi na mdomo wangu nikasema, "Lakini alisimama, Bwana. Mji mzima ulimwona."

Alinitazama kana kwamba kiti kimesema. "Huyu nani?"

"Anachora nguo," Fundi akajibu haraka.

Mkurugenzi akaamua kukielimisha kiti. Kampuni ilimtaka Sultani asimuuzie pilipili mtu mwingine yeyote. Sultani amejibu, na jibu ndilo lile lililobebwa kwenye sinia. "Barua inasema hapana," akasema Hoogerzeyl. "Picha itasema ndiyo. Wanaotutolea mitaji hawasomi Kimalayu, ila picha wanaiona."

Fundi akauliza, kwa adabu, itakuwaje Balozi akiiona. Mkurugenzi akasema haitaonekana. Itafunikwa pazia mpaka meli yake iondoke. Balozi atapewa picha ndogo ya ubao ampelekee Sultani wake, na kwenye hiyo asimame, barua iwe juu kadiri atakavyo, hata darini, aambiwe ni nakala ya ile kubwa. Moja ya ukuta, moja ya meli. Ndivyo wanavyofanya kwa mabalozi wote, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Alipoondoka nilifagia matope yake. Fundi alikuwa tayari anatafuta picha ya kasuku.

Oktoba 3
Nimemwambia Fundi barua siishushi. Nilimweleza nilichoelezwa, kwamba ni sawa na kumlaza Sultani chini. Alinisikiliza akiwa anakula jibini, akamaliza, akajipangusa.

"Machteld, wewe unataka chama au unataka barua?"

"Nataka vyote."

"Vyote haviko."

Nimerudi nyumbani bila kuaga. Tanneke ameniambia nina wazimu. "Miaka kumi na miwili unamlilia huyo mzee akushuhudie, leo unataka kuiacha nafasi hiyo kwa ajili ya karatasi? Tena si karatasi yako, wifi." Nilimjibu vibaya. Yeye hana kosa, ila alisema kile nilichokuwa nakisema mwenyewe njia nzima.

Oktoba 6
Nimemkunja Bwana Mbao. Goti lake la kulia ni gumu, halijawahi kupigwa, maana wateja wetu hawapigi magoti isipokuwa kwenye picha za kutundika juu ya makaburi, nazo sisi hatuzichori. Nimelipaka mafuta, nikalifunga kamba. Nikamvika nguo za Balozi alizotuachia, hariri ya rangi ya komamanga yenye nyuzi za dhahabu, iliyofumwa na mtu anayejua kazi kuliko sisi wote. Mgongo ulipoinama hariri ikajikunja mikunjo ambayo sijawahi kuiona.

Nimeichora siku nzima. Ni hariri nzuri kuliko zote nilizochora maishani. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ni kweli.

Oktoba 7
Mvua. Mgongo.

Oktoba 8
Mvua. Mgongo, na mkia wa kasuku.

Oktoba 11
Balozi amekaa kwa mara ya mwisho. Tuligeuza turubai kubwa ukutani, tukamwambia rangi yake ni mbichi na inadhurika na mwanga. Mtu yeyote aliyewahi kupaka mlango angejua ni uongo. Alikubali kwa heshima.

Fundi alipokwenda kuchanganya rangi, Balozi aliniuliza barua imefika wapi. Nikasema bado niko kwenye nguo. Akanisimulia kuhusu rafiki yake.

Rafiki huyo alikuwa balozi wa bandari ya jirani na alikuja nchi zetu miaka kumi iliyopita. Baada ya miaka mitatu baharia mmoja akafika bandarini kwao na picha ya kuchapwa, ya kununua sokoni, na ndani yake alikuwamo yule rafiki, amepiga magoti na paji la uso liko chini. "Alikuwa na goti bovu tangu ujana," akasema Balozi. "Hata kitu kikimwanguka alimwita mtu amwokotee. Tulimweleza mfalme wake hivyo. Mfalme akasema picha haina sababu ya kudanganya." Walimvua cheo mbele ya watu. Sasa anaishi kwa mkwewe na watoto wa mtaani wanaigiza kumpigia magoti akipita.

Nilikuwa nimeshika brashi na sikuwa nachora kitu.

Nimekuwa nikimwona mtu wa kiburi. Anaogopa, basi. Mwezi mzima amekaa kwenye kiti kile akiogopa, mgongo umenyooka, anakohoa, na mpumbavu anampigia kelele kama kiziwi, naye anamjibu kwa adabu kwa sababu hajui ni nani kati yetu mwenye mkono utakaomponza. Ni mimi. Fundi hawezi kuchora karatasi.

Oktoba 12
Sikwenda kazini. Nimemwambia Tanneke ni tumbo.

Oktoba 19
Nitaandika yote, maana leo sina mwingine wa kumwambia.

Nilifika mapema. Nikachukua mkaa nikaichora barua juu, kwenye sinia. Nilinyoosha mikono ya Balozi kutoka kwenye yale magoti, na cha ajabu picha ikapendeza zaidi. Hata mtu aliyepiga magoti, akiinua kitu kile juu ya kichwa chake, humfanya Hoogerzeyl aonekane karani anayesubiri mzigo. Nikasema moyoni, haya, apige magoti, lakini barua iko juu, na hiyo ndiyo aliyoiomba.

Fundi aliingia akatazama. Hakunigombeza. Alifuta mkaa kwa kiwiko cha shati, mara mbili, akaenda zake kuwasha jiko. Wakati wa kula akanimegea mkate wake, jambo ambalo hajalifanya tangu nimjue, akaniambia amekwisha zungumza na wakubwa wa chama na jina langu liko kwenye orodha. Akaniambia niliandae tangazo la karakana yangu. Akaniuliza litakuwa na picha gani.

Nimemdharau mtu huyu kwa miaka kumi na miwili na leo amenijua vizuri kuliko ninavyojijua. Nikamwambia litakuwa na picha ya mkono umeshika kitambaa.

Baada ya kula nikaichora barua kwenye zulia. Ningeweza kuichora vibaya, ovyo, ili mtu asiitambue. Sikuweza hata hilo. Nilipaka manjano ya kwanza, nikaacha ikae, nikanyunyiza dhahabu, nikautia muhuri wake kivuli. Inang'aa. Jicho linakwenda kwake kwanza, kisha linakwenda kwenye kiatu.

Oktoba 20 hadi 29
Kiatu. Mapazia. Mvua. Picha ndogo ya ubao: Balozi amesimama, barua juu. Nimeichora kwa siku nne na Fundi hakuigusa ila uso.

Novemba 8
Picha kubwa imepelekwa ukumbini kwa mkokoteni na kufunikwa pazia. Kabla ya kuifunika wakurugenzi waliitana kuitazama, nami nilikuwepo kwa sababu kuna kona ilichubuka njiani. Mmoja alisema unaona kabisa jinsi mtu yule alivyojisikia mdogo. Mwingine akasema mchoraji mkubwa husoma roho. Fundi akainamisha kichwa. Hoogerzeyl alisimama chini ya Hoogerzeyl, mguu mmoja mbele kama kwenye picha, nadhani bila kujua. Wote walisifu hariri.

Sijawahi kuona watu wazima wengi hivyo wakifurahia kitu walichokitengeneza wenyewe kana kwamba kimewatokea.

Novemba 13
Balozi anaondoka kesho na maji ya asubuhi. Amekuja kuchukua picha ndogo. Fundi alijificha. Alisema ana kikao, nikamsikia anatembea juu dari likilia. Akaniachia mimi.

Nilimpa Balozi ubao. Aliupeleka dirishani, akaushika mbali kidogo na macho kama afanyavyo mtu wa umri wake. Aliitazama barua kwanza. Kisha akajitazama amesimama. Nje kulikuwa na ukungu mzito na mwanga ulikuwa hafifu, akachukua muda.

"Umechora vizuri sana, Bibi Machteld."

Nikasema ahsante.

"Ile iliyo ukutani ndiyo hii?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo wiki nzima. Nilikuwa na maneno mengi tayari, kuhusu ukubwa, na kwamba nakala huwa na tofauti ndogondogo. Sikuyatumia. Nilifikiri juu ya siku nne zilizobaki kabla ya kikao. Nikamtazama usoni nikasema, "Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo hii hii."

Akatikisa kichwa polepole.

"Nilikuwa ukumbini jana," akasema. "Niliitwa kuchukua jibu la barua, wakaniacha nisubiri saa nzima. Mwanamke anayefagia akanihurumia akanifunulia pazia. Picha nimeiona. Nilikuja kukuona wewe."

Nilisema, "Nina kikao cha chama siku ya kumi na saba." Ndicho kilichotoka. Mpaka sasa kinanichoma nikikikumbuka, mtu anakuambia umemwangamiza nawe unamtajia tarehe.

Hakunigombeza, na hakunisamehe. Alifunga ubao ndani ya kitambaa cha njano, kile kile cha sinia, akaufunga vizuri, mafundo mawili.

"Hii nitakwenda nayo," akasema. "Sultani wangu ataniuliza kama ulivyoulizwa. Nami nitamjibu ndiyo hii hii, na nitamtazama usoni kama ulivyonitazama. Nimeona inavyofanywa." Akavaa kofia. "Picha za kuchapwa huchukua miaka miwili au mitatu kufika kwetu. Labda nitakuwa nimekufa."

Akaniaga kwa jina langu lote, akatoka, akaingia kwenye ukungu. Fundi alishuka baada ya dakika kumi akauliza kama Bwana Jambi ameipenda.

Novemba 14
Ukungu. Meli imeondoka. Sikwenda gatini.

Novemba 15
Hoogerzeyl ameagiza picha ichapwe kwa wino, nakala mia tatu za kuanzia. Mchongaji wa sahani ya shaba ya kuchapia anahitaji mtu wa kumchorea nguo upya kwa kalamu, na Fundi amenitaja mimi.

Novemba 16
Nimekubali.

Novemba 17
Nimeingia chamani. Fundi Levinus alisimama kama alivyoahidi, akazungumza vizuri, akasema hakuna mkono katika jimbo hili unaojua kitambaa kama wangu, na kwamba katika miaka kumi na miwili sijamkatalia kazi. Wakapiga meza kwa viganja. Tanneke alikuwa mlangoni analia kwa furaha, amevaa lesi ya mama yake, ananuka samaki kidogo, na nilimpenda.

Kisha wakaleta bia, nami nikakaa kwenye benchi la wachoraji nikafanya ninachofanya siku zote nikiwa kati ya watu: kuwapitia mmoja mmoja kwa macho na kuwadharau. Nilianza na mwenyekiti, ambaye huchora bahari na hajawahi kupanda mashua. Nikaenda kwa Fundi. Alikuwa amelewa, anamwambia kila mtu kwamba mimi ni kazi ya mikono yake, na nilitaka kumdharau nikashindwa, maana hakuwahi kumwahidi Balozi kitu chochote. Nikaenda kwa wengine. Hakuna hata mmoja wao aliyeombwa, na hakuna aliyesema ndiyo.

Nilibaki mimi. Nilikaa pale na bia yangu mpaka ikapoteza ladha, watu wakinipongeza, na sikuweza kuyahamisha macho kwenda kwa mtu mwingine.